Misumari Mitano ya Boma la Lisbrack

"Kwa nini ulivua kofia?"

Delia Ruane alimuuliza mumewe swali hilo Jumanne moja asubuhi, Mei 1966, akiwa amesimama kati yake na moto. Yeye alikuwa na umri wa miaka sabini na saba, Austin themanini. Mezani, kando ya birika la chai, lilikuwa limetandazwa gazeti ambalo Honor Tighe, mama wa posta, alikuwa ametoka kulileta kwa furaha bila hata kungoja kukaribishwa. Boma letu limo gazetini, alisema Honor, na mzee wako yumo pia, tena ana nywele.

Kweli alikuwemo. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inaadhimisha miaka hamsini ya uasi uliozaa uhuru, na magazeti yalikuwa yanashindana kueleza Mwairishi ni nani na ametoka wapi. Gazeti hili lilikuwa limechapa upya picha ya mwaka 1936, ya uchimbaji wa boma la kale la Lisbrack, katika kaunti ya Mayo: wanaume kumi na wawili wenye makoleo, wamejipanga ukingoni mwa shimo, na katikati yao mtaalamu aliyevaa koti la mvua. Maelezo ya chini yalisema kwamba hapo ndipo alipopatikana "Mtoto wa Kwanza wa Ayalandi", kichanga aliyezikwa na mababu wa taifa miaka elfu mbili iliyopita chini ya mawe meupe, na kwamba sasa anaonyeshwa Dublin kwa ajili ya jubilei.

Wanaume kumi na mmoja walikuwa na kofia kichwani. Austin Ruane alikuwa ameishika yake mkononi.

"Jua lilikuwa kali," alisema Austin.

Delia aliitazama picha tena. Makoti yote yalikuwa yamelowa mabegani. "Ilikuwa inanyesha," akasema. "Nimekuuliza kitu kimoja tu."

Delia hakupiga kelele. Alichukua kiko cha mumewe juu ya rafu ya meko, kiko cha mti mzuri ambacho yule mtaalamu alimzawadia mwaka 1936, akakitia motoni na kukisukuma ndani kwa chuma cha kuchochea. Kisha akasema anakwenda kukamua ng'ombe, na akirudi anataka jibu. Alirudi, jibu halikuwapo. Lilichukua siku nne. Katika siku hizo aliendelea kumpikia, kwa sababu si mwanamke wa kumnyima mtu viazi, lakini aliiweka sahani mezani jinsi mtu anavyomwekea mbwa wa jirani.

Alikuwa tayari analijua jibu. Alichotaka ni kulisikia.

Boma la Lisbrack ni tuta la udongo la mviringo katikati ya malisho, na mti mmoja wa miiba upande wa mashariki. Kila parokia ya upande huu ina boma kama hilo, na kila mtu alijua lina kazi gani. Mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa hakupokelewa katika makaburi ya kanisa. Alipelekwa bomani. Baba ndiye aliyembeba, peke yake, jua likishazama, sanduku kwapani kama mtu anayepeleka viatu kwa fundi. Alichimba, akafukia, akapanga juu mawe meupe aliyookota ufukweni mwa ziwa, akarudi nyumbani akanawa mikono. Mama hakwenda. Mtoto hakupewa jina, hakusomewa sala, na baada ya hapo hakuzungumzwa.

Mtoto wa kwanza wa Delia alizaliwa Februari 1911, amekwisha kufa. Alikuwa msichana. Mkunga alimwonyesha mara moja, akamfunika. Austin alitengeneza sanduku kwa mbao za kisanduku cha siagi, akaenda. Miaka miwili baadaye, kwenye harusi ya kaka yake, akiwa amekunywa, alimnong'oneza mkewe mahali: mashariki, hatua mbili kutoka kwenye mti. Hakurudia tena maneno hayo, na Delia hakuhitaji yarudiwe. Alizaa wavulana wanne baada ya hapo, wawili wako Coventry na wawili Boston. Kila Jumapili kwa miaka hamsini na mitano alipita kando ya malisho yale akienda misa, na kila Jumapili aligeuza uso kidogo kuelekea kwenye mti. Watu walidhani ana shingo mbaya.

Siku ya nne Austin alizungumza, akitazama mikono yake.

Mwaka 1936 serikali ilikuwa inawaajiri wanaume wasio na kazi wachimbe maboma na makaburi ya kale. Faida zilikuwa mbili: watu wangepata kula, na taifa changa lingepata mababu. Mtaalamu aliyeletwa Lisbrack aliitwa Dakta Lorcan Prendeville, mtu wa Dublin, mpole, mwenye Kiairishi cha vitabuni na viatu vya bei. Siku ya kwanza aliwakusanya wachimbaji wake kumi na wawili akawauliza, kwa adabu kabisa, kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuzikwa pale.

Ni vizuri jambo hili liandikwe, kwa sababu baadaye ilikuwa rahisi kusema kwamba hakuuliza. Aliuliza. Wanaume kumi na wawili walitazama viatu vyao, na Colman Tighe, mume wa Honor, akajibu kwa niaba ya wote.

"Hakuna, Dakta. Hapa walikaa Wadenmark tu, na hata wao palipowachosha walihama."

Wakacheka. Prendeville hakucheka. Hakuwa ametoka Dublin kuja kutafuta Wadenmark, wavamizi wa zamani kutoka ng'ambo. Alikuwa anatafuta watu wa mwanzo, wenye nchi, na alikuwa na hakika kwamba damu yao ndiyo iliyokuwa imesimama mbele yake na makoleo. Wiki ya pili aliwapima vichwa wote kumi na wawili kwa bikari ya chuma, akaandika urefu na upana. Kichwa cha Austin kilimfurahisha sana. Alisema ni kichwa safi. Colman akasema nje ni safi, ndani hajui.

Katika wanaume wale kumi na wawili, tisa walikuwa na mtoto ndani ya boma. Hawakuwa wamelizungumza kamwe, hata wao kwa wao. Lakini kuanzia siku ile walifanya kazi kama watu walioapa. Walimwambia Dakta kwamba upande wa mashariki ni mwamba mtupu. Walipoona haamini, wakamwambia kwamba anayechimba karibu na mti wa miiba hupata bahati mbaya, na yeye akatabasamu, akatoa daftari, akaiandika kama imani iliyorithiwa kutoka kwa wale mababu. Kwa wiki tano waliliongoza shimo kwenda magharibi, na magharibi palitoa mifupa ya nguruwe na ushanga mmoja wa buluu. Kisha barua ikaja kwamba waziri atatembelea baada ya siku kumi. Prendeville aliutazama ushanga wake, akaamuru shimo ligeuke.

"Nilisema nitaingia mimi," Austin alimwambia mkewe. "Nilifikiri nikiwa ndani ni mimi, nitampita pembeni."

Lakini ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pigo la tatu la koleo liliteremsha udongo, na mawe meupe yakatokea yameoshwa, yanang'aa, kabla hajapata hata nafasi ya kuyakanyaga. Dakta alikuwa amesimama ukingoni, juu yake. Akamnyang'anya koleo, akampa brashi. Kwa siku mbili Austin Ruane alipiga magoti kwenye matope, akampiga brashi binti yake mwenyewe, mfupa mmoja mmoja, huku mtu aliyevaa viatu vizuri akimsifu kwa mkono wake mwepesi. Mbao za kisanduku zilikuwa zimeoza. Ilipobaki misumari tu na mifupa, Dakta aliita mpiga picha, na Austin, bila kufikiri, akavua kofia.

"Ungesema," alisema Delia.

"Ningesema nini? Wako kumi na mmoja pale juu. Nikifungua mdomo wangu, nimewafungulia na wao. Kila mmoja ana mke nyumbani."

"Na wewe ulikuwa na mke nyumbani."

"Ndiyo."

"Uliniambia yule mtoto wa magazetini katoka magharibi. Na jioni ile nilikuuliza, mmefika mashariki? Ukasema bado. Nilikuwa nimekupikia nyama ya nguruwe na kabichi. Ukala, mzee. Ukaomba uongezewe."

Austin alisema anakumbuka.

"Mimi pia," alisema Delia. "Kaitoe suti yako. Tunakwenda Dublin."

Alikataa, kwanza kwa sababu ya goti, halafu kwa sababu ya ng'ombe, halafu kwa sababu ya watu. Watasema nini watu? Delia alimjibu kwamba watu wamepata miaka thelathini ya kusema na hawakusema kitu, kwa hiyo hana wasiwasi nao. Bila yeye safari haikuwa na maana. Yeye Delia hakuwahi kuliona kaburi, hakuwahi kuligusa sanduku. Shahidi alikuwa mmoja tu, na alikuwa anakaa kwenye kiti chake akitafuta kiko kisichokuwapo. Ijumaa iliyofuata walipanda treni ya asubuhi stesheni ya Claremorris. Hawakuzungumza mpaka walipovuka mto Shannon, ambapo Delia alimwambia afunge kifungo cha shingo.

Maonyesho yalikuwa katika jumba la makumbusho la chama cha wasomi wa mambo ya kale, ghorofa ya kwanza, chumba chenye kuta za kijani na bendera mbili. Mtoto alikuwa katikati, ndani ya kabati la kioo, amelazwa kwenye mchanga safi, na mawe meupe kumi na moja yakiwa yamepangwa kumzunguka kama ushanga. Delia alilisoma bango lililokuwa kando ya kabati, akarudia. Lilisema kwamba vipimo vya mifupa ya mtoto huyu vilikuwa vimelinganishwa na vichwa vya wakazi wa leo wa mahali hapo, hasa cha mchimbaji mmoja, na mfanano ulikuwa wa kushangaza. Kwamba huo ulikuwa ushahidi wa damu moja isiyokatika kwa miaka elfu mbili. Kwamba mbele ya kabati hili kila Mwairishi amesimama mbele ya asili yake.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari angeweza kumwambia Prendeville kwamba fuvu la kichanga, lililo vipande, halilinganishwi na kichwa cha mwanamume wa miaka hamsini. Lakini tuseme alikuwa ameona kitu. Tuseme paji lilifanana. Lilikuwa na kila sababu ya kufanana.

Mtunzaji wa chumba, Una Hession, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na moyo mzuri. Aliwasikiliza, akawapa viti. Alieleza kwamba si wao wa kwanza; watu wengi huja wakaguswa, wengine hulia. "Wote tunamwona ni wetu, Bibi Ruane," alisema.

"Wewe unamwona ni wako," alisema Delia. "Mimi nilimzaa."

Bi Hession alimgeukia Austin, jinsi watu wanavyofanya wanapodhani kwamba mume atakuwa na akili zaidi. Austin alikuwa bado anautazama mchanga ndani ya kabati. Aliuliza kama misumari ilihifadhiwa. Akajibiwa kwamba ripoti ya Dakta Prendeville, ambayo yeye Hession anaijua karibu kwa moyo, haitaji misumari yoyote.

"Sikuulizi ripoti, binti yangu. Nakuuliza misumari. Minne ya kawaida, midogo. Wa tano ulikosekana, nikachukua msumari wa kiatu cha farasi, nikaupiga vibaya. Kichwa kimelala kushoto."

Hession alichukua funguo, akashuka kwenye ghala la chini. Alikaa huko zaidi ya nusu saa. Aliporudi, mikono yake ilikuwa na vumbi mpaka kwenye viwiko, na alikuwa na bahasha ndogo ya kahawia. Aliimwaga juu ya meza yake. Misumari minne midogo, myekundu kwa kutu. Mmoja wa kiatu cha farasi, kichwa kimelala kushoto.

Juu ya bahasha, kwa mwandiko ambao Hession aliujua vizuri, yaliandikwa maneno: "Ya siku hizi. Isitajwe."

Mpaka hapo mtu angeweza kumwonea Prendeville huruma. Alikuwa ameuliza, akadanganywa na watu wenye aibu; kosa lingekuwa la wote. Lakini alikuwa ameiona misumari. Alijua msumari wa kiwandani ni nini, na alijua una maana gani. Alikuwa na waziri wa kupokea na taifa la kupatia mtoto, kwa hiyo akachagua ushanga, mawe na mifupa, na misumari akaitia kwenye bahasha. Hakuitupa, kwa kuwa alikuwa mtaalamu na mtaalamu hatupi kitu. Alikufa mwaka 1954 akiwa na heshima zake zote.

Mkurugenzi wa jumba aliitwa. Alikuja, akaisoma bahasha, akafunga mlango. Alisema jambo hili ni zito na litashughulikiwa, ila wazee wangu waelewe kwamba maonyesho ni ya jubilei, mabango yamechapwa, shule mia mbili zimeandikishwa. Septemba, yakishafungwa, mtoto ataondolewa kimya kimya kwa ajili ya usafi, na watapelekewa barua.

Delia alisimama. Austin alidhani wanaondoka, akachukua kofia yake. Lakini Delia alibeba kiti chake mwenyewe, akatoka nacho hadi kwenye chumba cha kijani, akakiweka kando ya kabati, akaketi, mkoba mapajani.

Baada ya dakika chache iliingia shule ya wasichana, vibendera mkononi. Delia aliwauliza kama wanamjua huyu ni nani. Mmoja, mwenye mikia miwili ya nywele, alijibu kwa sauti ya darasani kwamba ni Mtoto wa Kwanza wa Ayalandi.

"Hapana, mwanangu. Ni wa kwanza wangu. Alizaliwa Februari mwaka kumi na moja. Baba yake ni yule pale mlangoni, mwenye masikio makubwa."

Wasichana wote waligeuka kuyatazama masikio ya Austin. Mwalimu, mtawa, aliwaambia wasonge mbele waone panga za shaba, lakini hakuna aliyesonga. Mmoja aliuliza kwa nini basi yuko ndani ya kioo. Delia alimwambia hilo ni swali zuri, na kuna bwana ndani ya ofisi ile anayeweza kulijibu.

Alifanya hivyo kwa shule tatu. Wakati wa ya nne, mkurugenzi alitoka akasema kwamba sawa, leo.

Hession mwenyewe ndiye aliyeifunga mifupa, kwa pamba na karatasi laini, kwenye sanduku la kadibodi. Palikuwa na fomu ya kutia saini. Ilisema kitu namba 114, mifupa, kale. Delia aliirudisha. Alisema hakuja kutia saini ya kitu, amekuja kumchukua mtoto. Hession akachukua kalamu, akayakata maneno yale kwa mstari mmoja, akamuuliza aandike nini badala yake.

"Andika jina lake. Sabina Ruane."

Austin alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuwa amewahi kusikia jina hilo. Lilikuwa limekaa ndani ya nyumba yake kwa miaka hamsini na mitano, na hakuna siku aliyoambiwa. Alitaka kusema kitu, lakini Delia alimwambia abebe sanduku, na alibebe kwa mikono miwili, si kwapani.

Mawe hayakutolewa. Mkurugenzi alisema mawe ni mali ya jumba. Bahasha ya misumari Hession aliitia mkobani mwa Delia bila kumuuliza mtu. Alipowafikisha kwenye ngazi aliongeza jambo moja, kwa sauti ya chini: kule ghalani aliona masanduku mengine sita yaliyoandikwa Lisbrack, ya ukubwa uleule. Hayakuwahi kufunguliwa. Mtoto mmoja, inaonekana, alitosha kwa taifa.

Padri Geraghty wa parokia aliwapokea kesho yake asubuhi katika chumba cha wageni, akawapa chai na mkate wa zabibu. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia, na alikuwa amekwisha kufikiri. Alikuwa na mpango ambao aliona utamfurahisha kila mtu. Kamati ya jubilei ya parokia ilikuwa imetamani muda mrefu kwamba Mtoto wa Kwanza arudi nyumbani. Basi azikwe hapa, makaburini, mchana, na bendi ya tarumbeta na watoto wa shule. Watu wa kabla ya Injili wako mikononi mwa Mungu, alisema, na hakuna sheria inayomzuia yeye kuwaombea.

"Na mtoto wangu?" aliuliza Delia.

Padri alizungusha kikombe chake. Sheria ya kumzika mtoto asiyebatizwa, wa wazazi Wakatoliki, ilikuwa inajulikana. Yeye hakuitunga. "Lakini mama, nani analazimika kujua? Nyinyi semeni tu ni mifupa ya kale. Mtapata mnachotaka, na mimi nimebaki na sheria yangu."

"Baba Paroko," alisema Delia, "wamemsemea uongo miaka thelathini ili nchi ipate babu. Sasa unataka na mimi nimsemee uongo ili apate futi mbili za udongo."

"Ninakutafutia njia, mama."

"Njia naijua. Ni ileile ninayopita kwenda misa."

Chai yake ilibaki pale imejaa. Wakati wanatoka, padri alisema kwamba angesikitika sana kulazimika kufunga lango la makaburi.

Alilifunga, kwa mnyororo na kufuli. Lakini lango lile Austin ndiye aliyelipachika mwaka 1948, na anayelipachika lango anajua kwamba halishikwi na kufuli bali na bawaba.

Jumamosi hiyo, tangu walipotoka kwa padri mpaka jioni, alikuwa kibandani anatengeneza sanduku jipya, la mbao za msonobari, amezipiga randa pande zote mbili. Delia aliingia mara moja tu. Alimkuta ameipanga ile misumari mitano ya kutu kwenye kiganja, anaitazama. Akanyoosha mkono, akaichukua yote, akairudisha kwenye bahasha.

"Tumia mipya," akasema. "Na safari hii usipungukiwe."

Kabla ya hapo, alfajiri, Austin alikuwa amekwenda ziwani kwa goti lake bovu. Aliporudi mifuko ya koti ilikuwa inaning'inia. Mawe kumi na moja. Delia aliyahesabu.

Walimzika Jumapili saa sita, watu wanatoka misa. Delia alikuwa ameuchagua wakati huo kwa makusudi. Austin aliliinua lango kutoka kwenye bawaba zake, akaliegemeza ukutani, mnyororo na kufuli vikining'inia bila kazi. Kaburi la akina Ruane liko safu ya tatu. Alichimba futi mbili tu, karibu na mama yake. Parokia nzima ilisimama barabarani. Padri Geraghty alionekana kwenye mlango wa kanisa, kisha hakuonekana.

Waliovuka lango walikuwa wachache. Honor Tighe alikuwa wa kwanza, na kofia yake ya Jumapili, uso umevimba. Nyuma yake Colman, na wazee wengine wawili, ndio waliobaki, ukimtoa Austin, katika wale kumi na wawili. Walisimama mbali kidogo na kaburi, na mawe yalipoanza kupangwa, wakavua kofia wote watatu.

Delia aliwatazama. Alingoja Austin amalize jiwe la kumi na moja, akaukung'uta udongo kwenye sketi yake.

"Mmechelewa," aliwaambia. "Lakini vizuri mmekuja, kwa sababu nina salamu zenu. Kule Dublin, chini ghalani, kuna masanduku mengine sita. Yameandikwa Lisbrack. Ninyi ndio mliochimba, kwa hiyo ninyi ndio mnaojua. Treni ni Ijumaa asubuhi. Bi Hession ana funguo."

Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Mmoja wa wazee alikohoa, akaivaa kofia yake, akaanza kurudi barabarani polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu. Wa pili akamfuata. Colman Tighe alibaki na yake mkononi, anaizungusha kwa ukingo.

Honor alikuwa anamtazama mumewe. Alikuwa na watoto watano hai, na hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia akitaja mwingine.

"Colman," alisema, kwa sauti ileile anayotumia kaunta ya posta. "Sanduku letu lilikuwa na misumari mingapi?"

Kofia iliacha kuzunguka.

"Sita," alisema Colman.